Wimbo Wangu kwa Jina Lako

Bibi harusi alikuwa hajafika hata katikati ya ukumbi Oliva alipoutambua wimbo.

Mwanzoni alidhani masikio yanamdanganya. Ukumbi ule wa Bombambili ulikuwa umejaa vigelegele, shangazi za Asma, bibi harusi aliyekuwa anaagwa siku hiyo, wakishindana nani ana pumzi ndefu zaidi, na mshereheshaji akihimiza watu wasimame kumpokea bibi harusi. Lakini chini ya kelele zote hizo lilikuwa linalia gitaa, gitaa kavu moja tu, taratibu, na Oliva alilijua kila linapokwenda kabla halijafika. Alijua pale linapopanda. Alijua pale linaposita kidogo, kama mtu aliyefika mlangoni akaogopa kubisha hodi. Kusita kule alikuweka yeye mwenyewe, akiwa amekaa nyuma ya jiko la mama yake kule Matogoro, machozi yakimdondoka juu ya gitaa.

"Oliva, tembea!" Zulfa aliyekuwa nyuma yake alimsukuma kiunoni. "Unatuharibia mstari."

Alitembea. Walikuwa wamevaa vitenge vya sare, walimu wote wa chekechea wanaofundisha na Asma, na kamera ilikuwa inawafuata. Alitabasamu pale alipoambiwa atabasamu. Moyoni alikuwa anauliza swali moja tu: umefikaje hapa?

Wimbo ule uliitwa Nipo. Hakuna aliyeujua zaidi ya watu wawili. Aliutunga kipindi kile baba yake, Mzee Polikarp, alipompiga marufuku kuonana na Muhsini, kijana wa Tunduru aliyekuwa anauza vitambaa kwenye duka la mjomba wake karibu na soko kuu. "Binti yangu haolewi na Muislamu," mzee alikuwa amesema, na Athanasi, kaka yake Oliva, akapewa kazi ya kuikagua simu ya dada yake. Kuandika ujumbe ikawa haiwezekani. Ndipo Oliva alipoanza kupiga gitaa nyuma ya jiko, anajirekodi, anamtumia Muhsini, aliyemhifadhi kwa jina la mwanakwaya mwenzake, ile sauti bila neno lolote. Athanasi akisikia gitaa alikuwa anaipita rekodi, anaona ni mambo ya kwaya. Muhsini alikuwa anaelewa. Nipo. Sijakuacha. Nipo.

Na Muhsini ndiye aliyempa jibu zuri kuliko barua yoyote. Yeye alijifunza gitaa kwa kutumia programu ya kwenye simu, ile inayoonyesha mistari sita, kila mstari uzi mmoja wa gitaa, na namba juu yake zinazokwambia ubonyeze wapi. Vijana wapiga gitaa waliyaita maandishi hayo tabu. Ukigusa kitufe, programu inaupiga wimbo yenyewe, na kijiti chekundu kinatembea juu ya namba ili ufuate. Muhsini alikaa na zile rekodi, akasikiliza, akarudia, akaandika tabu ya Nipo kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Siku walipofanikiwa kuonana alimwonyesha. Oliva hakuwahi kuona wimbo wake ukiwa umeandikwa. Aliishika simu ile kama mtu aliyepakatishwa mtoto wake kwa mara ya kwanza.

"Ni wetu wawili," Muhsini alisema siku hiyo. "Nimeufunga. Hakuna mwingine atakayeuona."

Sasa bibi harusi alikuwa ameketi, na ukumbi mzima ulikuwa unampigia makofi mpiga gitaa.

Oliva alisubiri chakula kianze kugawiwa, akaenda moja kwa moja jukwaani. Mpiga gitaa aliitwa Bashiru, kijana mwembamba aliyekuwa akialikwa kwenye sherehe nyingi za mjini. Alikuwa anakaza uzi, simu yake ikiwa imeegemezwa kwenye spika.

"Kaka, hongera," Oliva alisema. "Wimbo ule uliompokelea bibi harusi umeutoa wapi?"

Bashiru akacheka kwa furaha. "Umeupenda? Kila mtu anauliza. Upo kwenye programu hii hapa, dada. Umetungwa na mtu wa hapa hapa Songea, huwezi kuamini. Mimi nilidhani ni wa Mkongo."

Alimpa simu. Mistari sita, namba, kijiti chekundu. Juu kabisa iliandikwa: Nipo. Chini yake: Mtunzi, Muhsini wa Tunduru.

Oliva alihisi baridi ikimpanda kutoka miguuni, na haikuwa baridi ya Juni.

"Shuka chini usome maoni," Bashiru aliendelea, hajui anachokifanya. "Kuna watu wa Mbeya, Kigoma, mpaka Nairobi. Wanamsifu, nakwambia! Huyu hapa kamuuliza kafundishwa na nani."

Oliva alisoma. Mtu mmoja alikuwa ameuliza: Kaka, nani alikufundisha kutunga hivi? Na jibu lilikuwa chini yake, na picha ndogo ya uso anaoupenda kuliko nyuso zote ikiwa pembeni: Sikufundishwa. Nilitunga mwenyewe, usiku mmoja, nikiwa peke yangu.

Akairudisha simu.

"Dada, vipi? Unaumwa?"

"Hapana," Oliva alisema. "Nimeshiba tu."

*

Jumatatu, alipotoka chekechea, hakupita nyumbani. Alipanda bodaboda mpaka sokoni, akaingia dukani bila kubisha hodi.

Muhsini alikuwa anamkunjulia mama mmoja kitambaa cha pazia. Alipomwona Oliva uso wake uliwaka, kama unavyowaka siku zote, na Oliva alichukia kwamba moyo wake uliruka vilevile, kama unavyoruka siku zote. Mikono ile mirefu. Macho yale yenye usingizi. Alitamani mwizi wake angekuwa na sura mbaya.

"Oliva! Mbona mchana? Kaka yako je?"

"Mhudumie mama kwanza," alisema. "Nitasubiri."

Yule mama alimtazama Oliva, akamtazama Muhsini, akasema atarudi kesho. Mwanamke yeyote aliyewahi kupenda angeijua sura ile.

Mjomba wake Muhsini, Mzee Abdulhamid, alikuwa kwenye kiti chake ndani zaidi, amevaa kofia na koti zito, anasikiliza redio kwa sauti ya chini.

"Shikamoo mzee," Oliva alisema.

"Marahaba, mwanangu. Wazazi hawajambo?"

"Hawajambo." Kisha akamgeukia Muhsini. "Jumamosi nilikuwa kwenye sherehe ya kumuaga Asma. Wamempokea kwa Nipo."

Muhsini hakuuliza Nipo gani. Mkono wake ulisimama juu ya kitambaa.

"Oliva, ngoja nikueleze."

"Ndicho nilichokifuata."

"Ile programu, ukishaandika tabu, ina sehemu ya kuchagua nani auone. Nilikuwa nimeufunga, wallahi. Halafu siku moja nikaona, jamani, wimbo mzuri hivi unakaa gizani kwa nini? Nikaufungua. Nilitaka watu waujue."

"Watu wamjue nani?"

"Waujue wimbo."

"Na jina?"

"Jina programu inaweka yenyewe. Inachukua jina la mwenye akaunti. Mimi sikuandika."

Oliva alitikisa kichwa polepole. Alikuwa amejiandaa kwa jibu hilo tangu Jumamosi, na bado lilimuuma.

"Sawa. Jina liliwekwa na programu. Na 'nilitunga mwenyewe, usiku mmoja, nikiwa peke yangu,' hilo nalo liliwekwa na programu?"

Redio ya mzee ilikuwa inatangaza vifo. Mzee Abdulhamid akanyoosha mkono akaizima.

"Nakuuliza, Muhsini. Peke yako na nani? Ulikuwa peke yako nyuma ya jiko la mama yangu? Ni wewe uliyekuwa unakaguliwa simu kama mfungwa? Ni wewe uliyeambiwa na baba yako kwamba ukimfuata yule mtu usirudi hapa? Ule wimbo ni machozi yangu! Nilikuwa sina mdomo wa kusema nawe, nikausemesha uzi. Wewe umeuchukua mdomo wangu ukauvaa!"

"Punguza sauti, watu wanapita."

"Wapite! Waliusikia kwenye ukumbi bila jina langu, wausikie na hapa na jina langu!"

Kweli watu wawili walikuwa wamesimama mlangoni wakijifanya wanaangalia vitenge. Muhsini alitoka nyuma ya meza, akaja karibu, akashusha sauti.

"Nilisifiwa," alisema.

"Nini?"

"Nilisifiwa, Oliva. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine. Mimi nimekuwa mtu wa kupima vitambaa tangu nimalize shule. Hakuna aliyewahi kuniambia nimefanya kitu kizuri. Siku hiyo nikaamka, mtu wa Kigoma simjui ananiambia nimemtuliza moyo. Nikajua wazi kwamba anayesifiwa ni wewe. Nikasema nitamjibu kesho, nimwambie ukweli. Kesho wakawa wengi zaidi. Wakaniuliza nani kanifundisha, na... niliona haya kusema ni mwanamke. Wapiga gitaa wale wangenicheka."

Oliva alimtazama. Alikuwa amekuja na maneno mengi, lakini hili la mwisho hakuwa amelitarajia, na liliingia mahali ambapo yale mengine hayakufika.

"Uliona haya kwa ajili yangu," alisema taratibu. "Mimi niliyesimama mbele ya baba yangu nikasema nampenda Muhsini, sikuona haya. Mama yangu alilia mpaka jumuiya nzima ikaja kumfariji kama tumefiwa, sikuona haya. Wewe umeona haya mbele ya watu wa kwenye simu."

"Naufuta sasa hivi." Alikuwa ameshaitoa simu mfukoni. "Tazama. Naufuta wote, tabu yote, maoni yote, iwe kama haukuwahi kuwepo."

"Thubutu!"

Alipiga kelele hiyo mpaka Mzee Abdulhamid akainuka kitini.

"Thubutu uufute! Umeniiba, sasa unataka kuniua kabisa? Futa jina lako, Muhsini. Wimbo wangu uuache uishi."

"Basi nabadilisha jina. Nabadilisha sasa hivi mbele yako."

"Badilisha. Lakini usidhani umemaliza. Hukuikosea simu, umenikosea mimi. Nyumbani kwetu hakuna anayejua kwamba natunga. Kama una uso, njoo uwaambie mwenyewe. Mchana, watu wakiwa macho."

"Baba yako alisema nikikanyaga ule uwanja atanifungulia mbwa."

"Basi usije," Oliva alisema. "Na mimi nitajua."

Alitoka, akapita katikati ya wale wawili wa mlangoni, na hakulia mpaka alipofika mbali na soko.

*

Habari za mjini zina miguu. Alipofika Matogoro alizikuta zimeshafika, zimekaa, zimekunywa na chai.

Mama yake, Mama Aurelia, alikuwa anapukuchua mahindi uani. Athanasi alikuwa ameegemea ukuta, ana furaha ya mtu aliyeshinda kesi.

"Bashiru kanipigia," alisema. "Anauliza dada yako ana ugomvi gani na Muhsini wa dukani, maana kuna mtu kamwambia mmetukanana mbele ya watu. Kumbe amekuibia wimbo! Si tulikwambia?"

"Mliniambia nini?"

"Kwamba watu wa Tunduru ndivyo walivyo. Wamezoea biashara ya mawe ya vito. Anakuchekea huku anakupima uzito."

"Mwanangu," mama yake aliingilia, kwa upole uliokuwa mbaya kuliko kelele, "Mungu amekuonyesha mapema. Hiyo sijui tabu, sijui nini ya kwenye simu, imekuwa tabu kweli. Ndiyo faida ya kupenda mtu wa imani nyingine. Wao hawaungami."

Oliva alisimama pale pale uani, mkoba ukiwa bado begani. Alikuwa ametembea njia nzima akitafuta mtu wa kumlilia. Sasa aligundua kwamba hasira yake ilikuwa imechukuliwa, inatumiwa na watu wengine.

"Alichokifanya amekifanya Muhsini," alisema. "Tunduru haikuandika maoni. Uislamu haukuandika maoni. Kaka, mwaka juzi mwenyekiti wa kwaya yetu aliondoka na vyombo vya kwaya. Alikuwa Mkatoliki wa wapi yule? Ulisema watu wa Songea ndivyo walivyo?"

"Unamtetea mwizi?" Athanasi alishangaa.

"Simtetei! Nina hasira naye kuliko ninyi wote mkiunganishwa. Lakini hasira hii ni yangu. Msiichukue mkaitumia kwa kazi yenu."

Mlango wa nyumba ulifunguka. Mzee Polikarp alitoka, koti la sufu mabegani, miwani ikiwa puani.

"Kelele za nini?"

"Yule Muislamu kaiba wimbo wa Oliva, baba," Athanasi alisema. "Kauweka kwenye simu, dunia nzima inaupiga."

Mzee alimtazama binti yake juu ya miwani. "Wimbo wa Oliva? Kumbe unatunga?"

Lilikuwa swali dogo, na halikuwa na ubaya. Lakini lilikuta mahali palipokwisha kuumia.

"Ndiyo, baba. Natunga." Aliuweka mkoba chini. "Nimetunga hapo nyuma ya jiko, mita chache kutoka kitandani kwako. Niliupiga wimbo ule kila jioni mpaka vidole vikaota sugu. Mama alikuwa ananiambia weka gitaa, washa moto. Kaka alikuwa ananiambia nampigia kelele. Wewe ulikuwa unafunga dirisha. Nani katika nyumba hii aliwahi kuniuliza, Oliva, wimbo huo ni wa nani? Muhsini ameniibia, sawa. Lakini alau yeye aliusikiliza mpaka akaweza kuuiba!"

Mama Aurelia alikuwa ameshika gunzi mkononi, amesahau kulitupa. Oliva aliingia chumbani kwake, akafunga mlango, akalia tena, safari hii mpaka akachoka.

*

Muhsini alikuja Jumamosi mchana, watu wakiwa macho, tena akiwa na mtu ambaye Oliva hakumtegemea.

Mzee Abdulhamid alikuwa amevaa kanzu nyeupe chini ya koti lake zito. Kwa watu wa kwao Tunduru, mjomba akitoka nyumbani kwa ajili ya mpwa wake, jambo hilo si la mchezo. Alisimama nje ya michongoma akabisha hodi kwa sauti ambayo majirani wote waliisikia.

Mzee Polikarp alitoka. Oliva alikuwa dirishani. Mbwa alibweka. Mzee alimkemea, mbwa akanyamaza.

"Tumsifu Yesu Kristo," Mzee Polikarp alisema kwa mazoea, kisha akakumbuka anasema na nani.

"Asifiwe kwenye nyumba yake," Mzee Abdulhamid alijibu kwa adabu. "Na sisi tunasema, amani iwe kwenu. Mzee mwenzangu, sikuja kuposa. Ningekuja kuposa ningetuma watu. Nimekuja kwa sababu mtoto wa nyumba yangu amechukua kitu cha mtoto wa nyumba yako. Nilikuwepo dukani, niliyasikia yote. Nimeona aibu. Nikasema hawezi kuja peke yake kama mtu asiye na wakubwa."

Mzee Polikarp alisita. Kisha akasema, "Karibuni kwenye viti."

Walikaa uani. Oliva aliitwa, akakaa kwenye mkeka pembeni ya mama yake. Muhsini alikataa kiti, akabaki amesimama. Alikuwa amekonda, au labda alikuwa hajalala. Oliva alijikataza kumwonea huruma.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama," Muhsini alianza. "Wimbo unaoitwa Nipo ameutunga Oliva. Mimi niliuandika tu. Nikauweka kwenye programu kwa jina langu, na watu waliponiuliza nikasema nimeutunga mimi, peke yangu. Nilisema uongo. Nilijua ni uongo nilipokuwa nauandika. Nimebadilisha jina. Na wale wote waliokuwa wameniuliza, nimewajibu mmoja mmoja kwamba mtunzi ni Oliva Polikarp wa Matogoro, mwanamke, na kwamba mimi ni mwanafunzi wake. Wengine wamenitukana. Ni haki yao."

"Na wapiga gitaa wa mjini?" Oliva aliuliza kutoka mkekani.

"Nimekwenda kwa Bashiru. Amenicheka sana." Muhsini akainua macho kwa mara ya kwanza, yakakutana na ya Oliva. "Halafu akasema anaomba umfundishe pale panaposita. Anasema kila akipafikia panamshinda."

Athanasi alikohoa. Alitaka kusema kitu, baba yake akamnyooshea kidole, akakimeza.

"Mimi huo wimbo wenyewe siujui," Mzee Polikarp alisema. "Naweza kuusikia?"

Wote walimgeukia Oliva. Alijua wanataka nini. Gitaa lake lilikuwa limetundikwa ndani, nyuma ya mlango.

"Leo sitapiga, baba. Samahani."

Mzee hakukasirika. Muhsini alitoa simu, akaigusa, akaiweka juu ya meza ndogo katikati ya wazee wawili. Kijiti chekundu kikaanza kutembea juu ya namba, na sauti nyembamba ya mashine ikaanza kuupiga Nipo. Haikuwa na joto la mkono wa mtu, lakini njia ilikuwa ile ile. Ikapanda. Ikasita. Ikashuka.

Mzee Polikarp alivua miwani.

"Huu?" alisema. "Mbona huu naujua!"

"Unaujua, baba?" Mama Aurelia aliuliza.

"Si ndio ninaoupigia mluzi shambani kila siku? Hata nikipalilia. Hata juzi pale Mpitimbi tukitoka mazishini, shemeji aliniuliza wimbo huo ni wa wapi, nikamwambia wa redioni." Alimtazama binti yake kwa muda mrefu, na Oliva aliona kitu ambacho hakuwahi kukiona katika uso ule mgumu. "Nilidhani ni wa redioni, Oliva. Uzuri huo, sikudhani unaweza kutoka nyuma ya jiko langu."

Oliva aliinamisha kichwa. Mama yake alimshika mkono, akaubana.

"Basi kijana," Mzee Polikarp alimgeukia Muhsini, "hata mimi nimekula cha mtu bila kuuliza. Siwezi kukufungulia mbwa leo. Ila lile jambo jingine bado lipo. Dini bado ipo."

"Ipo," Mzee Abdulhamid alikubali. "Wala sikulibeba leo. Litakuja na siku yake, Mungu akipenda, na sisi tutakuwa na akili ya kulisema bila mbwa."

Mzee Polikarp alicheka kwa pua, akamwambia mkewe alete chai.

*

Walipokuwa wanaondoka, Oliva aliwasindikiza mpaka kwenye michongoma. Mzee Abdulhamid aliwaelewa, akatangulia mbele akijifanya anatazama vilima vya Matogoro, ukungu ukiwa bado umevikalia kileleni.

Muhsini alisimama mbele yake. Walikuwa karibu kiasi cha kusikia harufu ya vitambaa vipya iliyokaa katika shati lake, harufu ambayo Oliva alikuwa akiitafuta kwenye leso yake siku zile za kukatazwa. Alitamani kuweka paji la uso kifuani pake. Alitamani pia kumsukuma aangukie michongoma.

"Umenisamehe?" Muhsini aliuliza.

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Umesema kweli mbele ya baba yangu. Hiyo nimeiona, na sitaisahau. Lakini ulikaa na uongo ule miezi, Muhsini. Ulikuwa unanipigia simu, unaniambia unanipenda, huku unasoma sifa zangu kama zako. Kila nikikumbuka damu inachemka. Siwezi kuizima kwa sababu umekuja na kanzu na mjomba."

"Unanipenda bado?"

Oliva alitazama pembeni. Jirani mmoja alikuwa anafua, nguo ile ile, kwa muda mrefu mno.

"Hilo ndilo linalonitia hasira zaidi," alisema.

Muhsini alitaka kutabasamu, akajizuia. "Nifanye nini? Niambie chochote. Nitasubiri."

"Usisubiri. Kukaa kusubiri ni kazi rahisi, nimeshaifanya mimi." Alimgeukia sasa, akamtazama machoni bila kukwepa. "Nenda katunge. Usitazame simu, usifuate namba za mtu. Kaa na gitaa lako mpaka likutolee kitu ambacho hakuna aliyekiandika. Ukimaliza uniletee hapa, mchana, nikusikilize."

"Mimi sijui kutunga, Oliva. Unajua."

"Utajua."

"Na wimbo ukiwa mbaya?"

"Utakuwa wako," Oliva alisema, akafunga lango.